Mpira Niliouchomoa Nikanyamaza

Gari letu ni la dizeli, otomatiki, la zamani. Limenizidi umri. Mama anaoka mikate, Baba anaisambaza madukani. Gari likilala, mikate nayo inalala.

Jumamosi moja nilitaka kumfurahisha Baba. Nikafungua boneti, nikaosha injini kwa brashi na sabuni. Katika kusugua, mpira mmoja mwembamba ukachomoka. Nikatafuta ulipotoka, sikupaona. Nikauchomeka chini ya waya, nikafunga boneti.

"Mwanangu, leo limeng'aa!" Baba akasema.

Nikacheka. Habari ya mpira sikuitaja.

Kesho yake Baba Mdogo, mdogo wake Baba, alipeleka mikate. Alirudi amekunja uso.

"Kaka, gari lina kasoro. Linachelewa kubadilisha gia. Likibadilisha, linakusukuma mgongoni kama mna ugomvi."

"Jana lilikuwa zima. Umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu!"

"Mguu wako mzito huo. Umekanyaga kama uko mashindanoni. Umeua giaboksi!"

Majirani walikuwa uani, wanasikia yote. Baba Mdogo akasema taratibu, "Sawa, kaka. Sitaligusa tena." Akaondoka.

Mimi nilikuwa mlangoni na sahani mkononi. Nikajiambia, kimpira kidogo vile hakiwezi kuharibu gia. Nilijua najidanganya. Siku tatu sikuweza kumtazama Baba usoni, na siku hizo tatu Baba Mdogo hakukanyaga kwetu.

Jumatano Baba alinichukua shuleni, tukapitia gereji. Fundi ni mwanamke, watu wanamwita Mama Spana.

"Dada, shusha giaboksi. Imekufa," Baba akasema.

"Umeshaandika na cheti cha kifo?" Mama Spana akacheka. "Ngoja nimwone mgonjwa kwanza. Linasumbua likiwa baridi tu, au hata likishapata moto?"

"Muda wote."

Gari lilikuwa limepata moto. Akalisimamisha mahali tambarare, gia kwenye P, ya kuegesha, injini inaunguruma. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyekundu, imefika kwenye alama. Akanisogezea puani.

"Inanuka kuungua?"

"Hapana."

"Basi tusikimbilie kufungua. Kaka, ukizima, linazima hapo hapo?"

Baba akakuna kichwa. "Linanguruma kidogo ndio lizime. Limeanza Jumapili. Nikadhani uzee."

"Uzee hauanzi Jumapili!" Mama Spana akasema. "Sikiliza. Dizeli kama hii ina pampu ya kuvuta hewa. Mvuto wake unapita kwenye mipira myembamba. Ndio unaofanya gia zibadilike kwa ulaini, na ndio unaozima injini. Ukivuja, vyote viwili vinasumbua. Sasa niambieni, kabla ya Jumapili nani aligusa injini?"

"Mdogo wangu," Baba akajibu haraka.

"Alifungua boneti?"

"Hilo... sijui."

Masikio yangu yakawaka moto.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema usikike, mama," Mama Spana akaniambia.

"Ni mimi. Niliosha injini. Mpira ulichomoka, nikauficha."

Baba hakunifokea. Alinitazama, kisha akatazama chini. Afadhali angefoka.

Nikaonyesha mpira. Ncha yake ilikuwa imepasuka. Mama Spana akaweka kipande kipya, akakibana mahali pake. Tukazunguka na gari. Gia zilibadilika hata husikii. Baba akazima, injini ikanyamaza papo hapo.

"Ungesema Jumapili, ningemaliza kwa dakika kumi," Mama Spana akaniambia. "Na wewe kaka, ulitaka nifungue giaboksi nzima! Gia zikisumbua, anza na vitu rahisi: oili, mipira, na nini kiliguswa mwisho."

Tulienda moja kwa moja kwa Baba Mdogo. Alikuwa anafua. Maneno niliyopanga njiani yote yalinikimbia.

"Nilikuacha usemwe kwa kosa langu. Nisamehe, Baba Mdogo."

"Na mimi nilikuhukumu bila kuuliza," Baba akasema.

Baba Mdogo akakamua shati, akakamua tena, ingawa halikuwa na maji.

"Siku tatu nautazama mguu wangu huu, najiuliza una uzito gani," akasema. "Nimewasamehe. Lakini pale uani kila mtu anajua mimi ndiye niliyeua gari."

Mimi hata darasani sinyooshi kidole. Jioni ile nilisimama uani, majirani wanaanua nguo, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Baba Mdogo hakuharibu gari. Niliharibu mimi, nikanyamaza."

Mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Haya, tumesikia."

Alfajiri iliyofuata mikate iliondoka mapema. Aliyeshika usukani ni Baba Mdogo, na majirani walimsalimia.