Themba Amepitishwa

"Wamenipitisha," Themba alisema, simu bado mkononi. "Nagombea kiti cha baba."

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko huku, wametoka kanisani Mesaimeer. Kwamboka, nesi kutoka Kisii, alimkazia macho mchumba wake. Themba alikuwa Mzulu, fundi wa lifti hapa Doha. Mwezi uliopita alikuwa kwao KwaZulu-Natal kumzika babake, aliyekuwa diwani wa chama cha Inkatha.

"Ulienda kuzika, Themba. Kura zimetoka wapi?"

"Wazee wa chama walikuja nyumbani. Mama akalia mbele yao. Ningesema nini?"

"Ungesema una mchumba."

"Nilisema. Mjomba akajibu kwamba kule watu wanashikilia mila, watataka mke anayeweza kuwaamkia kwa Kizulu."

"Si nitajifunza! Wewe Kiswahili ulifundishwa na nani?"

"Uchaguzi ni baada ya wiki tano, Kwambo."

Jumapili Kwamboka aliomba likizo. Jumanne akanyimwa; wadi ilikuwa na upungufu wa manesi. Alhamisi Themba akapanda ndege peke yake.

Mwanzoni alipiga kila siku. Halafu ikawa meseji tu: "Niko kampeni, mpenzi." Wiki ya nne Virginia, aliyeishi na Kwamboka chumba kimoja mtaa wa Najma, akaja na simu yake.

"Kwambo, hebu keti kwanza."

Kwenye picha Themba alikuwa jukwaani, amevaa shati la chama. Kando yake msichana mwenye shanga shingoni. Virginia alikuwa ameshatafsiri maneno ya chini: *Mgombea wetu na mchumba wake.*

Kwamboka akapiga. Themba akapokea katikati ya nyimbo na vigelegele.

"Ni nani huyo?"

"Binti wa rafiki wa baba. Wajomba wamepeleka ng'ombe wa mahari."

"Na wewe ulikuwa wapi?"



"Nilikuwepo."

"Unampenda?"

"Nakupenda wewe."

"Basi kataa. Saa hii, nikisikia."

Mtu aliita jina lake kwenye kipaza sauti. Umati ukalipuka.

"Siwezi, Kwambo."

Simu ikakatika.

Siku kumi baadaye ikaingia meseji: "Nimeshinda. Nisamehe." Kwamboka aliisoma kwenye basi la wafanyakazi. Aliandika "Hongera", akafuta, akaandika tena, akatuma.

Jioni mamake akapiga kutoka Kisii, sauti imechangamka.

"Kwamboka, hao Wazulu wanakuja lini? Nataka kupaka nyumba rangi."

"Hawaji, Mama."

"Kwani kijana amekufa?"

"Amekuwa diwani."

Mama akacheka kwa nguvu, akaanza kuwaambia walioketi naye kwamba mkwewe ni mheshimiwa. Wakapiga vigelegele. Kwamboka akasogeza simu mbali na sikio.

"Mwanangu, bado uko?"

"Niko, Mama."