Kinu cha Mtaa wa Kawabata

Simu ya Fusae Onodera ililia "ting" Jumatatu saa mbili asubuhi, wakati anamenya figili za kutia chumvi. Akajifuta mikono kwa aproni. Hakuifungua. Aliinama juu ya kioo, akasoma yale maneno machache yanayojitokeza yenyewe, kisha akarudi kwenye figili zake.

"Nani huyo?" akauliza mumewe, Takeji. Alikuwa amekaa kwenye meza ya joto, ile fupi yenye hita chini yake, miguu imefunikwa mfarishi, gazeti limemziba uso.

"Mwenyekiti wa mtaa. Anasalimia tu. Baridi imezidi, theluji imeshashuka mlimani, anatumaini sote tu wazima."

"Si ufungue usome mpaka chini?"

"Nikifungua atajua nimefungua."

"Akijua, je?"

"Itabidi nimjibu!"

Takeji akashusha gazeti. "Mwanamke wewe! Unaichungulia simu kama mtu anayemkwepa mwuza magazeti mlangoni."

"Na wewe umeifungua ya kwako?"

Takeji akalipandisha gazeti.

Fusae hakuwa mvivu, wala hakuwa na kiburi. Tatizo lake lilikuwa adabu, na adabu ikizidi mno nayo huwa maradhi. Katika kundi lao la simu, mtu akifungua ujumbe, aliyeuandika huona alama: umesomwa. Fusae aliamini kwamba kusoma bila kujibu ni sawa na kusalimiwa njiani ukapita kimya. Na jibu lake halikuwa "sawa" au "asante". Lilianza na hali ya hewa. Likafuata swali la afya, kisha shukrani, kisha kuomba radhi kwa kuchelewa, ndipo likaja jibu lenyewe. Aliliandika kwanza kwa penseli nyuma ya karatasi ya kalenda, akalifuta, akaliandika tena. Jibu moja lilimmalizia siku mbili. Basi akaona heri asifungue kabisa.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Ubao wa matangazo ulipita nyumba hadi nyumba. Ukishausoma, unapiga muhuri wako mdogo mwekundu kwenye jina lako, unampelekea jirani. Mwezi wa nne mwaka huu ubao ukawekwa kabatini, na matangazo yote yakahamia kwenye simu. Nyumba ishirini na sita ziliingia kwenye kundi. Tangu hapo, aliyesikika humo ni mwenyekiti peke yake.

Alhamisi ya wiki ile Fusae alikuwa na darasa. Manispaa ilikuwa imeanzisha mafunzo ya simu kwa watu wazima katika ukumbi wa mtaa. Kuuliza si ujinga, alijiambia, akavaa viatu vya theluji, akaenda mapema.

Alipofika ukumbini, alisimama ghafla.

Kinu cha jiwe cha mtaa kilikuwa kimetolewa nje, kimewekwa chini ya upenu. Kimebandikwa stika ya njano, ile inayonunuliwa manispaa ili gari lije kuchukua takataka kubwa. Juu yake pameandikwa kwa kalamu: Jumamosi.

Kinu kile ndicho walichotwangia mochi, mikate laini ya mchele ya mwaka mpya, kila Jumapili ya mwisho ya mwaka. Wanaume walipokezana nyundo ya mti, wakautwanga mchele wa kunata uliotoka kwenye mvuke. Fusae ndiye aliyekuwa mgeuzaji. Kati ya pigo na pigo, alichovya mkono majini, akauingiza kinuni, akaukunja ule ugali moto, akautoa mkono kabla nyundo haijashuka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, na vidole vyote kumi alikuwa navyo. Siku hiyo moja tu katika mwaka, Fusae, ambaye hata muuza samaki akimpa samaki asiye wake hushukuru na kwenda naye, aliwapigia wanaume kelele: "Piga! Ngoja! Nimesema ngoja! Piga!" Na wao walimtii. Aliipenda siku hiyo kuliko sikukuu yenyewe.

Mwenyekiti, Bwana Kuwabara, alitokea na funguo za ukumbi. Alikuwa mstaafu wa ofisi ya ardhi, mtu mpole, mgongo umepinda kidogo.

"Bwana Kuwabara," Fusae akasema, "kinu hiki..."

"Aa, Bi Onodera. Kesho kutwa kinaondoka. Nimewashukuru sana majirani kwa kunielewa."

"Majirani wamekubali?"

"Wote. Niliandika kwenye grupu Jumatatu. Nikasema, asiyetoa pingamizi hadi Jumatano usiku, nitachukulia amekubali. Hakuna aliyesema neno." Akainama kwa heshima. "Na nyinyi pia, ahsanteni."

Fusae alitaka kusema: mimi sikukubali, kibakisheni. Badala yake aliinama naye, akasema, "Ahaa, ndivyo." Akaingia ndani, akakaa kiti cha nyuma, akajichukia.

Mwalimu wa darasa aliitwa Bi Hagiwara. Alikuwa fundi wa mitambo ya simu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha, na alisema wazi kama mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya nguzo. Aliona macho ya Fusae mekundu.

"Mama, simu imekukosea nini?"

Fusae akamweleza, kwa sauti ya chini sana. Bi Hagiwara akaomba aone ule ujumbe. "Ufungue mwenyewe. Kidole ni chako."

Fusae akafunga macho, akabonyeza.

Salamu zilishika mistari tisa. Theluji, mafua, shukrani kwa usafi wa vuli, watoto wachunge barabara inapoteleza. Mstari wa kumi ndio uliokuwa na habari: kinu ni kizito, watwangaji wamepungua, kitupwe.

"Nilidhani ni salamu tu!" Fusae akasema. "Pale nje yanaonekana maneno ya mwanzo peke yake."

"Kwa hiyo hukukubali."

"Sikujua hata kwamba nimeulizwa!"

Bi Hagiwara akageuka. "Bwana mwenyekiti! Njoo kidogo na simu yako. Tafadhali tazama pembeni mwa ujumbe wako wa Jumatatu. Wamesoma wangapi?"

Bwana Kuwabara akavaa miwani. Akatazama, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Wanne," akasema.

"Nyumba ishirini na sita, wamesoma wanne. Hao wengine wamekubali nini?"

Wanafunzi walikuwa saba, wote wa mtaa ule. Mwalimu akawatazama mmoja mmoja, nao wakatazama meza.

"Haya, semeni ukweli. Hapa hakuna polisi. Nani aliufungua?"

Hakuna mkono ulioinuka. Kisha Bi Sugimori, mama mnene mwenye duka la vitambaa, akakohoa. "Mimi nina mbinu yangu. Nazima data, nafungua, nasoma haraka, natoka, nawasha tena."

"Kwa nini ujitese hivyo?"

"Sasa akiona nimesoma na sijajibu, si ataniona sina adabu?"

"Na huu wa Jumatatu ulisoma?"

"Nilifika kwenye mafua, mteja akaingia."

Mzee mmoja akacheka, wa pili akafuata, na mara darasa zima lilikuwa likicheka. Kumbe kila mmoja alikuwa akichungulia kwa nje, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye ugonjwa huo. Fusae alihisi jiwe limemtoka kifuani. Hata Bwana Kuwabara alitabasamu, ingawa masikio yalikuwa yamemwiva.

"Nisikilizeni," Bi Hagiwara akasema. "Ule ubao wa zamani mnaukumbuka? Ukishausoma ulifanya nini?"

"Napiga muhuri," Fusae akajibu.

"Halafu ukamwandikia mwenyekiti barua ya kurasa mbili?"

"Hapana! Barua ya nini? Muhuri unatosha."

"Basi ile alama ya umesomwa ndiyo muhuri wako. Inasema: limenifikia. Haisemi zaidi, wala hudaiwi zaidi. Tangazo la jirani unayemjua, fungua ulisome mpaka chini. Usiyemjua akikutumia kitu ubonyeze, huyo usimfungulie, futa. Lakini jirani yako, fungua."

"Na tukiulizwa maoni?" akauliza Bi Sugimori.

"Mkiulizwa, jibuni. Neno moja linatosha. Lakini anayeuliza naye ana kazi yake." Akamgeukia mwenyekiti. "Bwana Kuwabara, salamu zako ni nzuri. Mimi zimenigusa. Ila kwenye simu, jambo hutangulia, salamu hufuata. Kama hutaki jibu, andika: jibu si lazima, watu wapumue. Na ukitaka uamuzi, weka vitufe viwili, ndiyo na hapana, watu wabonyeze. Usihesabu kimya kuwa ndiyo. Aliyenyamaza huenda amelala."

"Na mzee Iwase hana simu kabisa," Fusae akasema. Alijishangaa kusikia sauti yake.

"Basi ubao utoke kabatini, umpelekee mzee Iwase. Kimoja hakikatazi kingine."

Bwana Kuwabara akasema polepole, "Mimi mwenyewe nakipenda kinu hiki. Mwaka jana tulikuja kutwanga wanaume wawili, na mgongo wangu ndio huu. Nikadhani watu mmechoka. Nikaona nisiwalazimishe."

"Na sisi tulidhani umechoka wewe," akasema Bi Sugimori.

Mwenyekiti akaandika palepale, mwalimu amesimama nyuma yake. Mara tatu aliandika "Baridi imezidi", na mara tatu Bi Hagiwara akakohoa. Hatimaye ujumbe ukaenda: "Kinu cha mtaa: kibaki au kitupwe? Bonyeza kimoja kabla ya kesho jioni. Samahani, Jumatatu niliuliza vibaya." Baridi akaiweka chini kabisa.

Simu saba zikalia kwa pamoja ukumbini. Fusae akafungua yake. Akabonyeza "kibaki". Hapo angeweza kuishia. Lakini kidole kikaanza kuandika chenyewe, bila penseli wala kalenda: "Ni Onodera. Nataka kinu kibaki. Mimi nitageuza. Tunahitaji watwangaji wanne."

Hakuna hali ya hewa. Hakuna afya ya mtu. Aliutazama ujumbe ule mkavu, akaona haya, akataka kuurudisha.

"Tuma, mama," akasema Bi Hagiwara.

Akatuma. Akahesabu pumzi zake. Kisha, ting. "Kibaki. Nina mabega, sina la kufanya Jumapili." Huyo alikuwa dereva wa nyumba ya kona, ambaye Fusae hakuwahi kusikia sauti yake. Ting. "Kibaki! Watoto wangu hawajawahi kuona." Ting. Kikatuni cha sungura anayetwanga. Ting, ting.

Ujumbe wa sita ulikuwa na maneno mawili: "Natwanga mimi." Fusae akatazama jina. Ni Takeji, yuko nyumbani na miguu yake ndani ya mfarishi.

"Eti natwanga mimi!" Fusae akasema kwa sauti. "Mtu ambaye kubeba ndoo ya theluji anatafuta kiti!" Akacheka hadi machozi yakamtoka, na hayakuwa yale aliyokuja nayo darasani.

Kesho yake jioni kura zilihesabiwa. Kibaki, ishirini na mbili. Kitupwe, moja. Mzee Iwase alipiga muhuri wake kwenye ubao, kisha akaongeza kwa wino: "Kibaki. Mochi yangu ikatwe vipande vidogo, koo langu limezeeka." Bwana Kuwabara alibandua stika kwa maji ya moto na kucha.

Jumapili ya mwisho ya mwaka, mvuke wa mchele ulijaa uani mwa ukumbi. Walikuja watwangaji tisa. Dereva wa nyumba ya kona alipiga kwa nguvu za fahali, na Takeji alipiga mara nane kisha akatangaza kwamba anawaachia vijana. Bwana Kuwabara hakuruhusiwa kugusa nyundo. Alipewa kiti na kazi ya kuhesabu. Na Fusae alikuwa pale mahali pake, mikono imelowa, mashavu mekundu.

"Piga! Ngoja! We dereva, hivi ni vidole vyangu, si barabara! Piga!"

Jioni, nyumbani, walikuwa wanakula mochi za mwisho zilizobanikwa kidogo na kuchovywa sosi ya soya. Simu ikalia, ting. Fusae akajifuta mkono mmoja, akaifungua mara moja.

"Mochi zimetosha nyumba zote. Asanteni. Jibu si lazima," ndivyo ulivyoanza ujumbe wa Bwana Kuwabara. Chini yake salamu zilitiririka: baridi ya mwaka mpya, mafua, paa zenye theluji, afya za wote. Zilikuwa mistari kumi na miwili. Fusae alizisoma zote taratibu, kwani zilikuwa nzuri kweli. Kisha akaiweka simu chini, akachukua kipande kingine.

Takeji akamtazama. "Hujibu?"

"Nimepiga muhuri," Fusae akasema, akatafuna.