Joto la Paka wa Fundi

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kwenye kliniki ya mifugo ya shangazi yake kufagia na kuwajazia wanyama maji. Siku hiyo alikuwa hoi. Asubuhi walifanya mtihani, mchana wakapalilia bustani ya shule, na sasa macho yalikuwa yanajifumba yenyewe.

Shangazi naye hakuwa ameketi tangu alfajiri. Alikuwa amempasua paka wa fundi cherehani, mjane asiye na mwingine wa kuzungumza naye nyumbani, kisha akamchoma paka sindano ya kutuliza maumivu. Alimwachia Chiriku kipimajoto na karatasi, akamwagiza apime joto la paka kila nusu saa, akatoka kwenda kumwona ng'ombe wa jirani.

Chiriku alijifanya mjuzi. Wiki iliyopita mbwa aliyechomwa dawa ile ile alipoa mpaka akatetemeka. Basi akamgubika paka blanketi zito, akaandika 37.5 mara tatu bila kupima, akalaza kichwa mezani.

Shangazi aliporudi aliisoma karatasi, akaona joto halijapanda, akavuta dozi ya pili kwenye sindano. Chiriku aliitazama sindano. Angenyamaza, nani angejua? Lakini paka alikuwa anahema mdomo wazi.

"Shangazi, usimchome. Sijapima hata mara moja."

Shangazi aliweka sindano chini. Walipopima, ilikuwa arobaini na moja kasoro kidogo, juu mno hata kwa paka. Blanketi likaondolewa, feni ikawashwa, nyayo za paka zikalowanishwa. Walipima kwa zamu saa nzima, mpaka joto likashuka na paka akalamba maji.

"Mwili una vichembe vyake vya kutuliza maumivu, na dawa hii inaviiga," shangazi alieleza, sauti imemkauka kwa uchovu. "Lakini vichembe hivyo vinagusa pia joto la mwili. Mbwa hupoa. Paka mara nyingi hupanda joto."

Fundi alipokuja, Chiriku alimsimulia yote mwenyewe, machozi yakimlenga. Mama yule alimkumbatia paka wake, kisha akashukuru kwa kuambiwa ukweli.

Walipobaki wawili, shangazi alimvuta Chiriku karibu.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka, niambie. Lakini ukiandika usichokipima, mimi namtibu paka wa kwenye karatasi, na yule wa mezani anakufa."