Bodi Iliyodaiwa Kuungua

Mashine ya gemu iliwekwa juu ya kaunta ya kituo cha polisi, imeviringishwa kwenye taulo. Mwanamke aliyeileta, mshonaji wa sare za shule, hakutaka hata kukaa.

"Nimeibiwa," alisema.

"Mbona mashine yenyewe hii hapa?" aliuliza Inspekta, ambaye kituo kizima kilimwita Sindano kwa jinsi maswali yake yalivyochoma.

"Hilo ni ganda, afande. Vya ndani vimekwenda."

Mwanawe wa pekee alifariki miezi minne iliyopita, akiwa na miaka kumi na mitatu. Ndani ya mashine hiyo aliacha mji alioujenga nyumba kwa nyumba, na sauti yake aliyoirekodi akiuelezea mtaa kwa mtaa. Kisha mashine ikaanza kuzimika kila baada ya dakika chache, mama akaipeleka kwa fundi. Ilirudi inawaka vizuri, lakini mji haupo, sauti haipo, na diski haisomi.

"Fundi anasemaje?"

"Ati bodi kuu, ile yenye kumbukumbu zote, iliungua, akaitupa, akaweka nyingine. Anaitupaje bila kuniuliza?"

Sindano damu ilimchemka. Loo, watu wana roho! Akaibeba mashine, akamwambia mama waongozane.

Fundi, mtu wa maneno mengi, walimkuta ameinamia meza ya kazi, bisibisi sikioni.

"Bodi iliyoungua iko wapi?"

"Takataka hizo, afande. Zilishabebwa."

"Iliungua vipi?"

"Nyeusi tii."

"Na diski mbona haisomi? Umeiharibu mashine ya mama wa watu?"

Hapo alimgusa pabaya. Fundi huyu angevumilia kuitwa mwizi. Lakini kuitwa asiyejua kazi, thubutu!

"Mimi niharibu? Sikiliza nikufunze, afande. Kisoma diski cha mashine hizi kimefungamanishwa na bodi yake tangu kiwandani. Ukikiweka kwenye bodi nyingine, hakisomi ng'o! Kinaitaka ile ile ya kwanza."

"Ile ile tu?"

"Hata ulete mia."

Kweli mdomo huponza kichwa. Sindano aligeukia rafu. Palikuwa na mashine tatu zilizotumika, zimebandikwa karatasi za INAUZWA, na zote hazikuwa na visoma diski.

"Fungua kisoma diski cha huyu mama. Kijaribu kwenye hizo tatu."

Fundi alikohoa. "Itachukua muda, afande."

"Nimeshakaa."

Ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu aliiunga polepole. Diski ya gemu iliyokuwa ndani ikazunguka, runinga ya fundi ikajaa mji wenye mapaa mekundu, na sauti ya mtoto ikasema, "Mama, hapa nimekujengea duka la kushonea. Usicheke!"

Mama alisogea, akakigusa kioo cha runinga.

"Hii ndiyo iliyoungua nyeusi tii?" Sindano aliuliza.

Fundi alijifanya kukaza skrubu.

"Ilikuwa na ugonjwa gani? Sema!"

"Vumbi, afande. Feni ilijaa vumbi. Nililipuliza, ikapona."

"Kazi ya muda gani?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi! Na bado ukamwibia mfiwa!"

"Bodi nzima za toleo hili hazipatikani. Nikaona hii haina kasoro, nikamwekea kuukuu niliyokuwa nayo. Ya kwake ningeifuta siku akipatikana mnunuzi." Alifuta jasho. "Tamaa, afande. Na nilijua hatagundua. Akina mama wa umri huu hata kuwasha hawajui."

Sindano alitaka kujibu, lakini mama alimtangulia.

"Kweli, sikujua kuwasha," alimwambia fundi. "Nilijifunza wiki ile niliyomzika."

Fundi aliiweka bisibisi mezani. Sindano akamwamuru anyooshe mikono atiwe pingu.