Chupa Katika Kibanda cha Msafara

Kila Jumamosi asubuhi, Theodora alipomaliza kufua sare zake za shule, alikwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria na kuutia katika mfuko. Nyumbani kwao Gongoni hawakufuga mbwa. Mama yake, Leonia, alikuwa fundi cherehani, na hakutaka unyoya wa mnyama yeyote ukaribie vitambaa vya wateja wake. Ukoko ulikuwa wa Msafara, mbwa wa Mjomba Kashindye.

Mjomba Kashindye alikuwa mrina asali kule Ipole. Watu walitania kwamba nyuki wa msitu mzima walimjua kwa jina. Lakini gongo, ile pombe kali ya kienyeji, nayo ilimjua, ikamzoea, na mwisho ikamtawala. Mizinga yake ikabaki bila mtu wa kuitazama, naye akawa wa kuokotwa mitaroni. Mwaka huo alikubali mwenyewe kwenda Nyumba ya Nafuu, mahali wanapoishi watu wanaojitahidi kuachana na pombe na dawa za kulevya.

Nyumba hiyo ilikuwa nje ya mji, kando ya njia ya Kwihara waliyopita wapagazi wa zamani na mizigo yao kichwani. Iliongozwa na Bi Tanzila, nesi mstaafu, ambaye alikuwa ameligeuza ghala la marehemu baba yake kuwa makazi. Alifanya na jambo jingine ambalo watu wa mjini walilicheka. Aliwaokota mbwa waliogongwa au kupigwa na kutupwa, akampa kila mkazi mbwa mmoja wa kumtunza.

Theodora alikuwa na miaka kumi na miwili na maswali yasiyokwisha. Mara ya kwanza kufika pale, hata kabla ya kukaa, alianza.

"Shikamoo, Bi Tanzila. Kwa nini mbwa? Kwa nini si kuku? Kuku si wanataga mayai?"

"Marahaba, mwanangu," Bi Tanzila alijibu akicheka. "Kuku hajali kama umeamka na huzuni. Mbwa aliyeumizwa anajali. Na mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba hafai, akijua kuna kiumbe kinamngoja asubuhi, anaamka."

"Na mbwa naye anapata nini?"

"Anajifunza kwamba si kila mkono una fimbo."

Msafara aliokotwa akiwa na mguu uliovunjika. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa akichechemea nyuma ya kila kundi la watu lililopita njiani, akitafuta wa kwenda naye. Aliyemfuga kwanza alikuwa mlevi, tena mwenye mkono mwepesi. Tangu hapo, Msafara akinusa pombe kwa mtu, alikunja mkia na kukimbilia nyuma ya tangi la maji.

"Hata mimi alinikimbia," Mjomba alimsimulia Theodora. "Siku za mwanzo pombe ilikuwa bado inanitoka kwa jasho. Nilikuwa naweka chakula chake, nageuka, naenda zangu. Siku aliponilalia miguuni nililia, Thea. Mtu mzima mimi, nililia."

Sharti la nyumba lilikuwa moja, na kila mtu alilijua. Mkazi akinywa, anaanza upya safari yake, na mbwa wake anapewa mkazi mwingine. Kwa Mjomba zilibaki wiki chache tu. Mambo yakienda vizuri, mwisho wa mwezi angerudi Gongoni pamoja na Msafara. Hata Mama, baada ya kubembelezwa sana, alikuwa amekubali.

Langoni alikaa mzee Silasi, ambaye aliwahi kuwa mkazi na sasa alikuwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kunusa. Kila chungu, kila chupa, kila kikapu cha mgeni kilipita puani mwake, kisha kilipelekwa jikoni na kugawiwa wote. Ni mfuko wa mbwa tu ambao hakuunusa. Nani anuse ukoko?

Hapo ndipo Theodora alipokosea. Jumamosi moja ya joto kali la Oktoba alipata asali kutoka Ipole, mbichi, bado ina masega. Alikumbuka jinsi Mjomba alivyokuwa akimchanganyia maji ya uvuguvugu na asali alipokuwa na kikohozi. Akachanganya vivyo hivyo, masega na yote, akajaza chupa. Lakini ikipita kwa Silasi itaishia jikoni, na Mjomba atalambishwa kijiko kimoja tu! Basi akaificha chini ya ukoko. Walipofika, yeye na Mama, aliisukuma chini ya gunia katika kibanda cha Msafara, ili baadaye amnong'oneze Mjomba. Mjomba alikuwa kwenye kikao cha wakazi, kikao kikarefuka, na Mama akawa na haraka ya mteja. Wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata, Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake. Msafara alikuwa amefungwa kwenye kibanda cha mbali, akilia, na chakula chake hakijaguswa.

"Afadhali umekuja, Mama Thea," alisema Silasi kwa unyonge. "Juzi nimemkuta na chupa tupu mkononi. Kibanda kizima kinanuka wanzuki."

Wanzuki ni pombe ya maji ya asali yaliyochacha. Theodora aliikumbuka chupa yake chini ya gunia.

"Kashindye!" Mama alisema. "Ulibakiza siku ngapi tu, ndugu yangu?"

"Sikunywa, dada," Mjomba alijibu. "Niliikuta chini ya gunia, kifuniko kimefyatuka. Nilijua ni nini kabla sijaigusa. Nikaishika. Sitakudanganya, niliishika muda mrefu. Msafara alirudi nyuma, akasimama mbali, akawa ananitazama. Nikaimwaga."

"Na iliingiaje humo?" aliuliza Bi Tanzila. "Mrina asali, kibandani kwake, na pombe ya asali. Hebu jiweke mahali pangu, Kashindye. Unajua ninavyotamani kukuamini."

Theodora alitaka ardhi ipasuke immeze. Akisema, Mama atamchapa kwa maneno hadi nyumbani, na huenda asiruhusiwe tena kukanyaga pale. Asiposema, Msafara atapewa mtu mwingine. Kutoka kibanda cha mbali, mbwa alilia tena.

"Ni yangu!" Theodora alilipuka, machozi yakimtoka. "Mimi nimeileta. Ilikuwa maji ya asali, Bi Tanzila, haikuwa pombe! Niliipitisha kwenye mfuko wa ukoko. Sikujua itageuka."

Mama alishika kiuno. "Theodora! Wewe?"

"Nisamehe, Mama." Halafu, katikati ya kilio, swali likamjia, kwa maana maswali hayakumwacha hata siku ile. "Babu Silasi, ulipomkuta Mjomba, Msafara alikuwa wapi?"

Silasi alikuna kidevu. "Alikuwa... alikuwa amemlalia miguuni."

Mbwa yule hakuwahi kulala karibu na mtu aliyekunywa, na Silasi mwenyewe alilijua hilo vizuri.

"Mbwa si shahidi wa mahakamani," alisema Bi Tanzila, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Lakini mtoto amesema kweli, na kweli yake inaungana na ya mjomba wake. Kashindye, nisamehe. Silasi, mfungulie."

Msafara alikuja akichechemea, akipiga chafya kwa furaha. Alimnusa Mjomba mikono, akamnusa mdomo, kisha akajitupa miguuni pake. Mjomba alificha uso katika manyoya yake.

Theodora hakuachwa hivi hivi. Aliambiwa kwamba kila Jumamosi hadi shule zifungwe angesafisha vibanda vyote vya mbwa. Mjomba alimsogeza karibu. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuumiza Theodora zaidi.

"Ulikuwa unanipenda ulipoileta," alimwambia. "Najua. Lakini ungeipitisha langoni, ningeonja kijiko kimoja cha asali. Ulipoificha, nusura inirudishe mtaroni."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliongeza Bi Tanzila. "Hapa kila mtu alianza kupona siku aliyosema wazi kilichokuwa kinamla. Leo na wewe umefanya hivyo, na umemwokoa mjomba wako. Asali haikuwa na kosa, mwanangu. Kilichoigeuza ni kuachwa gizani siku nyingi, na hata jambo jema huweza kugeuka hivyo ukilificha."

Mwisho wa mwezi Theodora alifika langoni amebeba chupa nyingine ya asali, akamkabidhi Silasi kabla hajaombwa. Silasi aliifungua, akanusa, akatabasamu. Kisha akanyoosha mkono.

"Na mfuko wa ukoko," alisema. "Lete nao ninuse."

Theodora alimpa. Nyuma ya lango, Mjomba Kashindye alikuwa tayari na begi lake begani, na Msafara ametangulia mbele yake, akiutazama mlango.