Daraja Ambalo Mama Hakulijenga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Karani alipanga viti sebuleni. Jina hilo alibandikwa na mama yake kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Kabla hata chai haijachemka, watu walishaanza kubisha hodi: huyu bomba lake limepasuka, yule jirani kamzibia njia. Mama alikuwa diwani, na sebule ndiyo ilikuwa ofisi yake.

Zamani alikuwa fundi cherehani sokoni. Mtaro ulipofurika mbele ya vibanda, alizisumbua ofisi za halmashauri miezi minane, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mpaka mtaro ukajengewa na kufunikwa. Wenzake wa sokoni wakamsukuma agombee udiwani. Akashinda, akarudi kipindi cha pili, akawa makamu mwenyekiti wa halmashauri. Sasa alikuwa akigombea ubunge.

"Karani, niandikie historia yangu ya ukurasa mmoja iende kwa mpiga chapa," alimwambia binti yake. "Wewe unaijua kuliko mimi."

Karani aliandika habari za mtaro, zahanati na madawati ya shule. Kisha akaona kipeperushi cha mpinzani, kimejaa maneno mbele na nyuma. Roho ikamuuma. Akaongeza mstari mmoja: "Ndiye aliyejenga daraja la waenda kwa miguu."

Daraja lile lilijengwa na diwani aliyemtangulia mama, mzee mmoja seremala, na Karani alilijua hilo. Mama alikuwa mbioni kwenda mkutanoni. Alikitupia kipeperushi jicho, akakipitisha.

Siku tatu baadaye, Karani akitoka shule, alimkuta yule mzee darajani, kipeperushi mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nisomee hapa, labda macho yananidanganya."

Karani alisoma. Alipofika kwenye mstari wa daraja, aliacha. Mzee hakumgombeza. Aliikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni, akasema, "Haya, wasalimie nyumbani."

Karani alifika nyumbani, akamweleza mama yote mbele ya mjomba, aliyekuwa akisimamia kampeni.

"Nani alikutuma?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama. Niliona yetu ni fupi."

"Dada, liache hilo," mjomba alisema. "Vipeperushi vimeshasambaa. Ukikiri sasa, unawapa wapinzani fimbo ya kukuchapia."

"Mzee anajua," mama alisema. "Na mimi najua."

Kesho yake alasiri uwanja ulijaa. Karani alikaa mstari wa mbele. Mama alishika kipaza sauti.

"Kabla sijaomba kura, nina jambo. Kipeperushi changu kina uongo. Daraja sikulijenga mimi. Mwenye kazi yake yule pale, amekaa karibu na lango. Mzee wangu, nisamehe. Nilikitoa bila kukisoma vizuri, na kosa ni langu."

Hakumtaja binti yake hata kidogo. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha uwanja ukatulia. Mzee alijikongoja hadi jukwaani, akatoa karatasi mfukoni.

"Nilikuja nayo nimuumbue," alisema. "Sasa sina kazi nayo." Akaichana, akampa mama mkono. Watu wakapiga makofi mpaka Karani akaweza kupumua.

Siku ya matokeo, familia nzima iliizunguka redio. Mama alishinda kwa kura mia tatu na kumi na mbili. Mjomba alijibwaga kwenye kiti kama gunia. Karani alilia kwa furaha.

Mama alimvuta ubavuni. "Ningeshinda kwa ule mstari, bungeni ningekaa kila siku nikiogopa mtu asije akaniumbua. Kazi ya mtu ni yake, mwanangu. Usimvue mwenzio ukanivisha mimi, hata kama unanipenda. Andika kile nilichofanya, basi. Kikiwa kifupi, ni juu yangu kufanya kazi zaidi, si juu yako kunirefushia."

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, kanawe uso. Wageni wanakuja."