Nyumba Aliyooneshwa Eunike

Haya yalimpata Eunike, rafiki yangu wa Machame, mwaka jana. Baridi ilimtesa miguu, akaamua kuliacha kaburi la mumewe kihambani, kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba, akazeekee Tanga. Dalali alimfungulia nyumba mchana, kwenye mtaa wa wastaafu.

“Majirani wazuri, mama. Hutapata upweke.”

“Wakifa mnawazika uani?”

“Uani? Mama, usije ukanifukuzia wateja!”

Eunike akacheka, akaingia peke yake chumba cha nyuma. Madirisha yalikuwa yamefungwa, giza tupu. Akasikia panga likikata majani ya ng'ombe, taratibu, kisha kikohozi alichokijua kwa miaka arobaini. Akafungua dirisha. Nje palikuwa na mchanga tu. Ukingoni mwa dirisha lilikuwepo jani la isale lililofungwa fundo, lile ambalo sisi watu wa Machame tunampelekea mtu kumwomba msamaha, bichi, lenye umande.